Kadi ya Padri Kabatini Mwangu

Ta' Brieg, Gozo
Jumapili, 20 Machi 2011

Mwanangu Marvic,

Pokea salamu za hapa nyumbani, na ukishazipokea vaa sweta, maana nimeona kwenye televisheni huko Uingereza watu bado wanatoa moshi mdomoni. Sisi wazima. Mbuzi wana maziwa mengi, jibini nimeipanga dirishani ikauke. Baba yako alipiga simu kutoka Toronto, akaongelea theluji nusu saa, akakata. Baba yako mkubwa, padri wetu Dun Wistin, ana jongo la kidole gumba, anahubiri ameegemea upande mmoja kama meza mbovu. Kelinu hajambo. Katengeneza pampu ya kisima cha masista, wakamshukuru kwa sala.

Wiki hii kaka yangu huyo kapita kubariki nyumba kabla ya Pasaka. Unajua anavyofanya kwangu. Kabariki jiko, kabariki ngazi, karakana ya Kelinu, hata banda la mbuzi. Alipofika mlango wa chumba cha kulala akageuka kama mtu aliyesahau miwani. Mwaka wa kumi na tisa huu! Nikamwambia, "Kaka, kinyesi cha mbuzi kimepata baraka, chumba changu kimekosa nini?" Akasema, "Natala, usinitie majaribuni." Kelinu, ambaye kwenye daftari la parokia ameandikwa "mpangaji", akajifanya anakohoa.

Sasa umeshasikia. Bunge limesema tarehe 28 Mei nchi nzima ipige kura kama talaka iruhusiwe. Wanasema duniani tumebaki sisi Wamalta, Wafilipino, na Papa mwenyewe, ambaye hana mke wa kumwacha. Leo Dun Wistin kahubiri dakika hamsini kuhusu hilo. Kasema atakayepiga ndiyo asishangae siku ya sikukuu Mtakatifu Skolastika, msimamizi wetu, akimpa kisogo. Sanamu lenyewe huwa tunalizungusha kijiji kizima, kila mtu anapewa kisogo.

Mimi jambo hilo halinihusu. Nauliza kwa niaba ya majirani. Ċensa wa nyumba ya pili kaniuliza wewe unafanya kazi gani, nikamwambia unapiga hesabu za upepo. Kasema, "Upepo si unavuma tu?" Basi tupigie hesabu. Padri akivuma upande huu na watu wakivuta upande ule, kijiji kitaelekea wapi?

Usinijibu kwa simu. Simu iko kwenye ukuta tunaochangia na Dun Wistin, na ukuta ule unasikia vizuri kuliko yeye.

Shangazi yako,
Natala


Southampton
4 Aprili 2011

Shangazi Natala,

Naubusu mkono wako, hata kama unanuka mbuzi. Huku mimi mzima, sweta nimevaa mbili. Msalimie Kelinu, na Baba Mkubwa mwambie aache mvinyo mwekundu, kidole kitapona chenyewe.

Mwambie Ċensa kazi yangu ni hii. Tunachonga mashua ndogo ya mfano, urefu wa mita mbili, tunaikokota kwenye tangi refu la maji, tunapima maji yanaivuta nyuma kwa nguvu kiasi gani. Halafu kompyuta inaongeza upepo kwenye matanga, uzito wa mabaharia, kila kitu, mpaka nguvu zote zitoshane. Hapo ndipo tajiri aliyeagiza mashua ya mbio anaambiwa itakwenda kasi gani kabla hajaijenga.

Na kuna kitu Baba Mkubwa hakijui. Anadhani watu ni majani makavu, akivuma wanakwenda anakotaka. Mashua ya mbio haiko hivyo. Upepo unalisukuma tanga ubavuni, mkuku ulio chini ya maji unakataa kwenda ubavu, na mashua ikibanwa katikati ya hao wawili inachomoka mbele, karibu kabisa na kule upepo unakotoka. Upepo ukizidi, na yenyewe inazidi kukimbia kuuelekea, mpaka ilale mno ndipo inapoharibikiwa. Dakika hamsini za mimbari, Shangazi, ni upepo mzuri sana kwa watu wa ndiyo.

Nimekaa Jumapili nzima nikaiweka Ta' Brieg kwenye kompyuta ya ofisi. Nimeweka nyumba moja moja kama ninavyozikumbuka. Baba Mkubwa ni upepo. Waliotengana na wenzi wao ni mkuku. Mama wakwe ni mawimbi. Jibu: kijiji kitasema hapana, tatu kwa moja. Nchi itasema ndiyo, kwa tofauti ndogo tu. Nyumba yako nimeiandika ndiyo mbili, wewe na Kelinu, bila hata kufikiri.

Eti halikuhusu! Mume wako Fredu yuko Sliema na msusi wake na watoto watatu tangu mimi nikiwa chekechea. Mahakama ya Kanisa imekalia faili lako miaka tisa ikaamua kwamba ndoa yako bado nzima. Nzima wapi? Kelinu hajawahi kuoa, anakusubiri wewe tu. Shangazi, niambie mimi, usimwambie Ċensa: unataka kuolewa naye au hutaki?

Marvic


Ta' Brieg
9 Mei 2011

Marvic mpenzi,

Nimechelewa, lakini Wiki Takatifu nilipiga pasi vitambaa vya altare hamsini na sita, na baada ya hapo sikutaka kuona kitu cheupe, hata karatasi. Sote wazima. Mbuzi mmoja kazaa. Ċensa kapaka nyumba rangi ya nyanya, sijui nani kamlaani.

Swali lako nimelisoma.

Sasa sikia. Juzi polisi wamegawa kadi za kura nyumba kwa nyumba. Jana Dun Wistin kaja kula supu ya maharage, kala sahani mbili, kajifuta mdomo, akasema, "Natala, wewe utapiga ndiyo."

"Ni siri yangu."

"Na mimi nitapiga hapana. Yako inaiua yangu, yangu inaiua yako. Si tubaki nyumbani tu, wote wawili? Mama alituacha tukiwa kitu kimoja."

Unajua desturi hiyo. Wakati wa uchaguzi mkuu nusu ya ndoa za Gozo hufanya hivyo, mume chama hiki, mke chama kile, wanakubaliana wabaki nyumbani, wanakula sungura, kesho yake hakuna aliyegombana. Lakini padri na dada yake, kwenye jambo la talaka, hilo sijawahi kulisikia. Nilikuwa nimechoka, Marvic. Tangu Februari nikiingia kanisani wanawake wananikimbia, wanahamia benchi la mbele. Nikasema sawa.

Ila hakuna aliyemwamini mwenzake. Basi tukabadilishana kadi, kwa sababu bila kadi hupigi. Yangu kaifungia kwenye kisanduku cha msingi wa sanamu la Skolastika, ufunguo kauning'iniza shingoni pamoja na msalaba. Yake nimeiweka kabatini, chumba cha kulala, chini ya mablanketi. Aje aifuate!

Kelinu alikuwepo, anakula. Leo asubuhi nikamuuliza anaonaje, akasema pampu ya Ċensa inavuja.

Natala


Southampton
16 Mei 2011

Shangazi!

Salamu baadaye. Umefanya nini?

Kwenye mashua ya mbio mabaharia wanakaa ukingoni, miguu nje, ili isilale. Mtu wa kilo themanini akikaa katikati hana msaada wowote. Akikaa ukingoni kabisa anainua mashua nzima. Kilo ni zilezile themanini. Kinachobadilika ni mahali alipokaa.

Kura yako ni moja. Ya Baba Mkubwa kwenye karatasi ni moja pia, sawa, lakini yeye ana mimbari, ana chumba cha maungamo, ana wagonjwa arobaini anaowapelekea komunyo vitandani na kuwauliza kwa upole kama kadi imefika. Yeye yuko ukingoni kabisa. Wewe umekubali kuruka majini, na yeye kakaa palepale anakupungia mkono. Hiyo ndiyo mnaita kufutana?

Dai kadi yako. Mwambie nimesema mimi.

Afadhali Kelinu bado yupo, kura moja ya nyumba imesalia. Na swali langu ulilosema umelisoma, lijibu. Huku tuko wazima.

Marvic


Ta' Brieg
30 Mei 2011

Mwanangu,

Salamu kwanza, maana wewe safari iliyopita ulizisahau. Ninaandika huku mikono bado inanukia vitunguu.

Jumamosi, saa moja asubuhi, Dun Wistin huyo mlangoni. Uso kama chokaa.

"Natala, nipe kadi yangu."

"Mapatano yamekuwaje?"

"Ċensa amekaa mlangoni pa shule na orodha. Anaweka alama kwa kila anayepiga. Jioni watasema Paroko hakupiga. Watasema Paroko anaunga mkono talaka! Askofu atapata habari kabla ya kesho."

Nikamweleza habari ya mtu wa ukingoni na mtu wa katikati. Akasema, "Marvic alikuwa mtoto mzuri kabla ya chuo kikuu." Nikamwambia, "Kadi yako iko kabatini. Chumba unakijua, huwa unakikimbia kila mwaka. Ingia uchukue."

"Niletee wewe."

"Nina vitunguu mkononi."

Marvic, kasimama pale mlangoni, jasho linamtoka, anautazama mlango kama ng'ombe anayeogopa daraja. Kisha akajifanyia ishara ya msalaba akaingia kwa kasi. Nikamfuata, hilo nisingelikosa hata kwa kuahidiwa mbingu. Kavuta mablanketi, sidiria yangu ikanasa kwenye mkono wa kanzu yake, hakuiona. Alikuwa anatazama pembeni, kwenye kibao cha kupigia magoti.

"Hiki cha nani?"

"Cha Kelinu. Magoti yake mabovu, nikamwekea mto."

"Anasali humu?"

"Kila jioni, kwa sauti, hata redio siisikii. Ulidhani tunafanya nini humu miaka kumi na tisa?"

"Natala," akasema, "nimejitahidi sana nisidhani."

Nikamtoa sidiria. Akatoka, akaenda kanisani, akarudi na kadi yangu. Akaniwekea mezani kando ya vitunguu. Mimi nilitaka kumkumbatia lakini sisi hatuna mazoea hayo.

Tukaenda shuleni watatu, yeye mbele, mimi, na Kelinu nyuma kavaa koti lake la sikukuu. Ċensa nusura ameze penseli. Nilipiga kura. Ni siri, ila nilikandamiza mpaka ncha ikavunjika.

Jana matokeo umeyasikia. Nchi imesema ndiyo, asilimia hamsini na tatu. Gozo imesema hapana kama kawaida yetu, na hapa kijijini ni zaidi ya tatu kwa moja. Umepatia, pongezi kwa kompyuta.

Dun Wistin alikula kwangu mchana. Mbuzi hawajambo. Kelinu hajambo. Analala chumba cha juu, kile cha cherehani.

Natala


Southampton
8 Juni 2011

Shangazi,

Nilipiga kelele ofisini, bosi akadhani mlingoti umevunjika. Hongera! Nimekunywa kwa afya yako na ya kadi yako.

Lakini nimeirudia barua yako mara nne. Kwa nini Kelinu analala chumba cha cherehani?

Marvic


Southampton
12 Agosti 2011

Shangazi Natala,

Hujanijibu miezi miwili. Nimepiga simu mara tatu, kila mara unasema "Dun Wistin anakusalimu" halafu jibini inaungua. Jibini ya dirishani inaungua vipi? Sheria imeshapita bungeni, Oktoba inaanza kazi. Mimi nilidhani sasa hivi ungekuwa unapima gauni. Kama nimekukosea, niambie. Kama kuna mgonjwa, niambie haraka zaidi.

Mwanao,
Marvic


Ta' Brieg
4 Septemba 2011

Marvic,

Hakuna mgonjwa. Joto tu, na kiangazi hiki nzi wamejaa kama watalii. Salamu zako nimezifikisha.

Haya. Kelinu alipiga hapana.

Siku ile ya matokeo tulikuwa mezani watatu, redio imewashwa. Waliposema ndiyo imeshinda, niliruka nikamkumbatia Kelinu mbele ya padri, nikasema, "Tumeshinda!" Mikono yake ikabaki imening'inia. Akasema, "Natala, mimi nilipiga hapana." Dun Wistin, ambaye hajawahi kuacha tambi zipoe tangu azaliwe, akaweka uma chini.

"Umepiga nini?"

"Nambeba Skolastika begani kila mwaka. Nitamwambia nini?"

"Na mimi unaniambia nini?"

Sasa shika kiti. Akasema, "Wewe nakuambia kwamba sheria ikianza, nataka kukuoa." Hivyohivyo, tambi bado mdomoni. Yaani Mungu amwandike hapana, mimi nimwandike ndiyo, yeye apite katikati mikono mifukoni! Nilimrushia mwiko. Ukampata Dun Wistin kwenye kidole cha jongo, nikakosa hata raha ya kulenga.

Nililia siku tatu. Uliniuliza mwezi wa nne kama nataka kuolewa naye. Nataka. Nimetaka miaka kumi na tisa, mpaka nikapata aibu ya kutaka. Watu wakiniuliza "mpangaji hajambo?" nilikuwa nacheka nao, halafu naenda kumlilia mbuzi. Kijiji kizima kunipigia hapana nilikuwa nimeshazoea. Yeye sikumtarajia.

Basi kapanda juu. Sasa ni mpangaji kweli, daftari la parokia halisemi uongo tena. Na unajua nani anamtetea? Kaka yangu! Padri mzima, kila Jumatatu anakuja kunisihi nimrudishe mwanamume chumbani. "Magoti yake, Natala. Ngazi zile." Nimemwambia Kanisa lake limeshinda Gozo, atulie.

Karatasi za talaka na Fredu nitazipeleka Oktoba, ndoa iwepo isiwepo.

Natala


Southampton
3 Novemba 2011

Shangazi yangu,

Nimekaa na barua yako muda mrefu, nisamehe. Nilikuwa na aibu kidogo. Mimi ndiye niliyemwandika Kelinu ndiyo bila kufikiri, kama gunia la mchanga.

Na si yeye peke yake. Mashua yetu imekimbia mbio zake kubwa mwezi uliopita. Kompyuta yangu ilisema itakuwa ya tatu. Imekuwa ya kumi na moja. Bosi alinitazama kama vile nimeizamisha mwenyewe. Nikakagua namba zote, tanga sawa, mkuku sawa, maji sawa. Mwishowe nikatazama video. Usiku wa dhoruba watu wanne niliowapanga ukingoni hawakuwa ukingoni, walijibanza katikati. Nikampigia mmoja wao, jitu lenye mikono kama ya mwokaji mikate. Kwanza akaniambia kamba ilikuwa fupi. Nikamuuliza tena. Akasema upepo ulibadilika. Mara ya tatu akasema, "Niliogopa, dada." Sina mahali pa kuandika hivyo kwenye programu yangu.

Shangazi, Kelinu ulimuuliza mara ngapi? Mimi nadhani hiyo ya Skolastika ni habari ya kamba fupi. Muulize tena. Ukiwa huna mwiko mkononi.

Marvic


Ta' Brieg
19 Februari 2012

Mwanangu Marvic,

Salamu nyingi, na safari hii nina cha kusalimia nacho. Sisi wazima. Sikukuu ya Skolastika imepita bila mvua, sanamu limebebwa vizuri, na kidole cha Dun Wistin kimepona maana kaacha mvinyo mwekundu, anakunywa mweupe.

Jumanne mahakama ya Rabat, hapa Gozo, imenipa talaka. Fredu alikuja na msusi wake. Kawa kipara kabisa, Marvic, yule mwanamke sijui anamsuka nini. Tulipeana mikono. Jaji alisoma dakika saba, akasema niko huru. Nilipanda basi nikashuka kituo kimoja mbele kwa sababu nilisahau kushuka.

Nilipofika nyumbani nilipanda ngazi mpaka chumba cha cherehani. Kelinu alikuwa anafuta pampu kwa gazeti. Nilikaa kitandani nikamuuliza, "Kelinu, kwa nini ulipiga hapana?"

"Nilikwambia. Skolastika."

"Kwa nini ulipiga hapana?"

"Kaka yako alihubiri vizuri."

"Kaka yangu hajahubiri vizuri hata siku moja. Kwa nini?"

Akaiweka pampu chini. Marvic, yule mtu nimekaa naye miaka ishirini sasa, sijawahi kumuona akitafuta maneno, kwa sababu huwa hayatafuti. Akasema, "Miaka yote hii hukuwa na ruhusa ya kuolewa na mtu yeyote. Nikawa sawa na wanaume wote. Nikajua wakikufungulia utaniangalia. Nina miaka sitini na sita, magoti yamekwisha, nanuka grisi."

"Yaani ulipiga hapana ili nisikuangalie?"

"Ndiyo."

"Halafu ukanichumbia siku ya matokeo, tambi mdomoni!"

"Nilitaka kuwahi," akasema, "kabla hujaniangalia vizuri."

Nilikuwa nimejiandaa kukasirika, nilikuwa na maneno nimeyaweka tangu Mei. Yote yakapotea. Nililia mpaka nikajifutia lile gazeti la grisi, uso ukawa mweusi, naye akaona hivyo akaanza kulia yeye, mtu mzima, kelele zikapita ukutani, na Dun Wistin akagonga upande wa pili akiuliza nani kafa.

Tarehe ni 14 Aprili, ofisi ya serikali, Rabat, saa nne. Kaka yangu anasema hawezi kuhudhuria jambo kama hilo. Kaniuliza saa mara tatu. Wewe uje.

Lakini hilo nimelitanguliza. Kwanza pale juu nilimuinua Kelinu nikamsimamisha dirishani penye mwanga, na nikamwangalia. Nilimwangalia kuanzia kichwani, taratibu, masikio yale, mabega, magoti, viatu, nikarudi juu tena, mpaka jasho likaanza kumtoka na macho akayafumba. Sikuwa na haraka. Nilipomaliza nikamwambia, "Fumbua. Nimeshakuona mzimamzima. Nakutaka wewe."

Natala, mchumba wa mtu